Mgongo: jinsi ya kuoanisha yoga na kairopraktiki

Nafundisha yoga, na wengi wanaonijia kwa sababu ya kiuno tayari wana tabibu wa kairopraktiki, yaani anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Wanachotaka kujua ni waanze na lipi. Mwongozo wa 2017 wa American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kuhusu maumivu sugu ya kiuno unazitaja yoga na tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa. Kuzipanga pamoja hivi ni utaratibu wangu darasani.

Hatua ya 1: Hakikisha mgongo wako unafaa kushikwa

Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kuziba au kukutoka bila kujua, mguu kulegea ghafla: hiyo ni hospitali, leo hii. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda navyo vinataka vipimo kwanza, maana TB hushambulia hata pingili za mgongo, na pingili iliyoliwa haikandamizwi. Aliyeanguka vibaya, aliyewahi kuugua saratani na mwenye mifupa dhaifu wamwone daktari kabla ya mkeka na kabla ya kitanda cha tabibu.

Hatua ya 2: Msikilize tabibu, usisikilize mlio

Tabibu mzuri anakuhoji na kukupima kabla ya kukugusa. Ule mlio wa "ko!" unatokana na gesi ndani ya ute wa kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake, hivyo usihesabu milio ukadhani ndiyo tiba. Na yule jamaa wa mtaani anayekukanyaga mgongoni siye ninayemzungumzia hapa.

Hatua ya 3: Siku uliyonyooshwa

Tembea taratibu, lala kwa wakati. Kuuma kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Usijipinde, usisimamie kichwa, usisimamie mabega.

Hatua ya 4: Rudi kwenye mkeka

Anza na paka na ng'ombe: magoti na viganja chini, vuta pumzi mgongo ukibonyea, toa pumzi ukiuinua. Mara nane polepole zinatosha.

Kutoka hapo hapo, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha badilisha. Zoezi hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, na ndilo watu wanaloliharibu zaidi. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno. Kikimwagika, umeinua mguu kupita kiasi na nyonga imefunguka upande. Ushushe mpaka kitulie. Kaa pumzi tatu.

Malizia chali: pitisha khanga chini ya unyayo, inua mguu, goti likiwa limekunjwa kidogo. Unatafuta mvuto nyuma ya paja. Ukihisi umeme unaoshuka hadi vidoleni, legeza.

Hatua ya 5: Fuata maumivu yanakoelekea

Maumivu yakitoka mguuni yakapanda kujikusanya kiunoni, unaendelea vizuri hata kama kiuno chenyewe kimeuma zaidi kidogo. Yakishuka kutoka kiunoni kwenda kwenye shavu la mguu, acha mkao huo. Mwenye diski (kile kitu laini kilicho kati ya pingili) iliyotokeza mara nyingi huchokozwa na kuinama mbele, na mzee ambaye mfereji wa uti wake umebana huchokozwa na kujipinda nyuma. Ndiyo maana nakataa kuwapa wote zoezi moja, ingawa kwenye video za mtandaoni linaonekana la kila mtu.

Hatua ya 6: Peleka taarifa

Andika kwenye simu: mkao gani, ulipouma, uliuma kwa muda gani. Mwonyeshe tabibu kabla hajakulaza. Kadiri unavyoimarika, miadi ipungue na mazoezi yabaki. Wiki sita zikipita bila nafuu, omba uchunguzi mpya kabla ya kulipia miadi mingine, hasa kama unauziwa ya mwaka mzima kwa mkupuo.