Kupiga mitambo ya bendi kwenye ukumbi mdogo: hatua kwa hatua

Hii nawaandikia vijana wanaoanza ufundi mitambo hapa Unguja, hasa nyie mnaoitwa kwenye vihoteli vya Mji Mkongwe na vikumbi vya watu 60 au 80, kuta za mawe, sakafu ngumu, kila sauti inayotoka inakurudia usoni. Ukumbi kama huo bendi ishasikika nusu yake kabla hujawasha kitu. Kazi yako ni kuinua kile kisichosikika, basi. Mfano nachukua kundi dogo la taarab asilia: mwimbaji, udi, ganuni (ile ya nyuzi nyingi inayopigwa imelazwa), fidla mbili, akodiani, besi lile la kusimama, na dumbak (ngoma ndogo ya mkono).

Hatua ya 1: umeme

Fika mchana, pima soketi kwa testa, ethi (waya wa ardhini) iwepo. Mitambo yote ichukue umeme laini moja, na mafriji na kiyoyozi vikae laini nyengine, la sivyo utakaa na ule mngurumo wa hezi 50 "mmmmm" usiku kucha halafu lawama apewe mpiga besi. Kuna watu wanang'oa pini ya ethi ili mngurumo ukome. Usifanye kabisa yakhe, mwimbaji kashika maiki ya chuma mkononi, umeme ukivuja ni maiti hiyo. Kiboksi cha DI (cha kuunganisha ala na mikisa, yaani meza ya kuchanganya sauti) kina kiswichi cha kukata ethi upande wa signo tu, tumia hicho.

Kuwasha: mikisa mwanzo, ampu (ya kusukuma spika) mwisho. Kuzima: ampu mwanzo. Umeme ukikatika ghafla, zima ampu kabla jenereta haijawashwa.

Hatua ya 2: spika

Ziwe mbele ya maiki zote, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa, na uziinamishe ziwaangalie watu sio ukuta wa nyuma. Kama mwenye hoteli ana mapazia mazito au mazulia, muombe utandike nyuma ya bendi. Inasaidia kuliko kifaa chochote cha kununua.

Hatua ya 3: nani apewe maiki

Hapa vijana wengi wanaharibu, maana wana chaneli 16 basi wanataka kuzijaza zote. Kila ukizidisha maiki zilizo wazi mara mbili unapoteza kama desibeli 3 za nafasi yako kabla mitambo haijaanza kupiga mluzi. Dumbak humo ndani haihitaji maiki, labda paa la wazi. Akodiani maiki moja tu upande wa mkono wa kulia, penye kinanda. Fidla mbili zinaweza kugawana maiki moja wakikaa karibu. Udi elekeza kati ya tundu na daraja, sio ndani ya tundu maana pale pana uvumi mtupu. Besi lina pikapu (kidude cha kunasa sauti ya nyuzi), pitisha kwenye DI. Anaekula muda wako ni ganuni, sauti yake ndogo na mara nyingi inawekwa ubavuni kwa dumbak, kwahiyo maiki yake inaokota dumbak zaidi ya ganuni yenyewe. Mwombe maalim wa ganuni kwa adabu asogee upande wa pili, halafu weka maiki ya kondensa juu ya nyuzi kama shubiri moja na nusu, mgongo wa maiki uangalie dumbak. Kondensa inataka volti 48 toka kwenye mikisa, funga chaneli kwanza ndo uwashe.

Hatua ya 4: gein (nguvu ya sauti inayoingia kwenye mikisa)

Mwambie mwimbaji aimbe kweli, sio "heloo heloo tesiti", akiimba kwa nguvu yake mita ichezee pale kwenye 0 ya mikisa ya analogi, au -18 kwa dijito. Kata besi chini ya hezi 100 kwa waimbaji wote. Juu ya paa wakati wa kaskazi au kusi ikivuma panda mpaka 150 na ivishe maiki sifongo, upepo ule unangurumisha spika hujui umetoka wapi.

Hatua ya 5: monita na mluzi

Monita (spika ya mwimbaji kujisikia) ipigwe pale maiki isiposikia. Maiki ya SM58 haisikii mgongoni moja kwa moja, kwahiyo monita iwe mbele ya mwimbaji ikimtazama. Maiki ya Beta 58A haisikii pembeni-nyuma kama digrii 120 hivi, hiyo monita iweke kwa ubavu. Ukichanganya hizo mbili unatafuta balaa.

Sasa pandisha monita polepole mpaka ianze kulia, sikiliza inalia vipi. Ikisema "uuuu" tafuta hezi 200 mpaka 400. "Aaaa" iko karibu na 1000. "Iiii" ya kuchoma sikio ni 2000 mpaka 4000. Teremsha feda (kitelezi) hiyo moja ya ekwalaiza (ya kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba) kwa desibeli 3 au 6, pandisha tena. Ukishakata sehemu tatu nne wacha, ukiendelea utamuua mwimbaji sauti. Bado inalia? Punguza monita, au msogeze mtu. Na wale wa zenji fleva (muziki wa vijana wa hapa) wanaokamata kichwa cha maiki kwa kiganja wafundishe mapema, ukiziba pale maiki inasikia pande zote, hata monita uiweke wapi.

Hatua ya 6: shoo yenyewe

Saundicheki imalizike kabla ya Magharibi, na azana yoyote ikianza unafunga kila kitu bila kusubiri kuambiwa. Watu wakijaa ukumbi utasikia trebo imepungua, miili inameza, ongeza kidogo tu.

Wimbo ukikolea watu watainuka kutunza. Mama mmoja atakuja taratibu na noti kainyanyua juu, nyuma yake foleni, mwimbaji wa maiki isiyo na waya atawafuata mpaka mbele ya spika zako. Wakati huo usiangalie simu, kidole kiwe kwenye feda yake, mteremshe desibeli 3 au 4 anapopita mbele ya spika, mrudishe akirudi. Stendi ya fidla nayo ivute nyuma mapema, viwiko vya wanaocheza vitaiangusha. Noti zikidondokea juu ya monita mwachie mwimbaji aokote mwenyewe.

Kufunga: futa maiki kwa kitambaa kikavu, fungua vile vichwa vya wavu, osha na sifongo zake kwa sabuni, zikauke kabisa kabla ya kurudishia. Chumvi ya bahari inakula jeki, zikianza kuota kijani zisafishe kwa dawa ya kontakti mara moja, usisubiri zikatikie kwenye harusi ya watu.