Pampu ya umwagiliaji ikianza kutoa moshi mweusi

Pampu ya petroli ikianza kutoa moshi mweusi, ikakohoa ukiiongezea kasi na kumaliza tanki kabla bustani haijaisha kumwagiliwa, ujue injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Fungua plagi: masizi makavu, meusi kama ya chini ya sufuria ya kuni, yanathibitisha. Moshi wa bluu ni ugonjwa mwingine, hapo inaunguza oili. Ukiwa bado na shaka, acha injini ipate moto kisha funga kidogo choki (mkono unaopunguza hewa inayoingia). Ikizidi kukohoa, petroli imezidi. Ikichangamka, petroli ni pungufu.

Anza na hewa. Kando ya Ziwa Victoria, iwe Ilemela au Magu, wale vijidudu wanaoinuka juu ya maji kama wingu hunaswa kwenye chujio, wakachanganyika na vumbi mpaka likaziba. Sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, ichovye kwenye oili safi, kisha iminye sana. Ikibaki imeloa oili haipitishi hewa, na moshi utaendelea. Chujio la karatasi halioshwi. Likichafuka sana weka jipya. Halafu tazama kipepeo cha choki chenyewe, kile kibati kinachoziba njia ya hewa, maana mkono unaweza kuwa umefunguka huku kipepeo kimekwama nusu.

Hewa ikiwa safi, nenda kwenye kabureta, inakochanganyika petroli na hewa. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara. Funga koki ya petroli, toa bakuli la chini ya kabureta. Kwa injini za aina ya Honda GX160 ni spana namba 10. Tikisa floti (boya la ndani ya bakuli) karibu na sikio: ukisikia petroli inacheza ndani, imetoboka na haielei tena. Chomoa sindano, ile inayokata petroli floti ikipanda, uiangalie nchani. Ikiwa imechimbika pete, haizibi vizuri. Ukiirudisha, kinga chombo, fungua koki na uinue floti taratibu kwa kidole. Petroli lazima ikatike kabisa. Ikiendelea kudondoka, badilisha sindano.

Jeti (kipande chenye tundu la kupitisha petroli) usiichokonoe kwa waya wala spoku, tafadhali. Shaba ni laini, tundu likipanuka kidogo tu petroli inazidi daima, na dawa yake ni jeti mpya. Tumia petroli safi na upepo wa kompresa. Zibua pia vitundu vya pembeni mwa mrija ulio juu ya jeti, kwa sababu ndivyo vinavyochanganya hewa.

Wapo wanaolaumu mwinuko, kwamba huku juu hewa ni haba. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kweli, lakini pampu iliyofanya kazi vizuri hapa hapa msimu uliopita haijahama; kuna kitu kimeharibika.

Kabla ya kuwasha, nusa kijiti cha oili. Petroli inayovuja kwenye sindano hushuka hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi, ikashindwa kulinda vyuma. Oili ikinuka petroli au ikiwa imepanda, imwage yote, weka mpya ya SAE 10W-30, kama lita 0.6 kwa injini za aina ya GX160. Safisha plagi, pengo lake liwe milimita 0.7 hadi 0.8.