Kabla hujapunguza wafanyakazi, piga hesabu hii

Masika yakiingia, wageni wa mlima hupungua na wenye kampuni za utalii hapa Moshi huanza kuitazama orodha ya mishahara. Kabla hujaandika barua, nakuomba ufanye hivi.

Kwanza, orodhesha kazi, si majina. Shinda na kila idara uone nani anafanya nini. Mama wa stoo ndiye anayejua hema lipi linavuja na mpagazi yupi hatupi mzigo njiani, wala cheo chake hakisemi hayo. Akiondoka, kazi inabaki. Andika nani ataibeba.

Pili, gharama ya kumwondoa. Chukua mfanyakazi wa kudumu, mshahara wa msingi 520,000, miaka 6 kazini. Gawa kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi: siku moja ni 20,000. Kiinua mgongo kisheria si chini ya siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kikomo miaka 10. Hapo ni 840,000. Ukilipa badala ya notisi, weka mshahara mwingine wa mwezi. Jumla 1,360,000, bado likizo ambayo hajaichukua na nauli ya kumrudisha ulikomwajiri.

Tatu, linganisha. Ukimwondoa Aprili na Julai unatafuta mtu, umeokoa miezi 3, yaani 1,560,000. Tofauti ni 200,000 tu! Hela hiyo haimfundishi mtu mpya kazi ya miaka 6. Kwa pengo la msimu, mimi ningeanza na likizo za zamu.

Maswali ya wanachama

*Sakina, Arusha:* Dada, lazima niwaambie mapema?

Lazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inakutaka utoe taarifa na sababu, kisha mshauriane: namna ya kuepuka, nani ataguswa na kwa kigezo gani, lini, na malipo. Mkikwama, suala linakwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

*Majengo, Moshi:* Shikamoo dada. Wenzetu wawili wa jikoni wameondolewa, sasa tunatoka saa nne usiku. Hilo linaingia kwenye hesabu?

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Linaingia, na wengi hulisahau. Ovataimu hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na isizidi saa 50 kwa wiki 4. Andikeni saa zenu kila siku kwenye daftari, wiki 4 zikitimia mpelekeeni mhasibu aziweke kando ya ile mishahara miwili iliyookolewa.