Sarafu ya dhahabu uliyorithi: thamani yake ni ngapi?

Usiisugue, hata kwa dawa ya meno: mikwaruzo humkimbiza mkusanyaji wa sarafu. Ishike ukingoni, usome mwaka.

Kama ni pauni ya dhahabu ya Uingereza (sovereign), yenye Mtakatifu George akipigana na joka, ina uzito wa gramu 7.98, na ndani yake dhahabu halisi gramu 7.32. Tafuta sonara mjini Kisumu mwenye mizani ya desimali mbili, apime ukiona. Akitaka kupiga tupa au kutia asidi, kataa kabisa. Kama ilichomelewa kitanzi cha mkufu, uzito utakudanganya.

Gawanya bei ya aunsi ya dhahabu kwa 31.1, yaani gramu zilizomo katika aunsi hiyo, zidisha kwa 7.32. Usiuze chini sana ya hapo. Tazama pia juu ya mwaka: herufi SA humaanisha ilitengenezwa Pretoria, Afrika Kusini, na yenye SA ya 1924 ni adimu mno.