Ukurasa Ugeuzwe Penye Kimya: Kuandaa na Kushona Nota za Wapigaji

Jumapili moja ya Matawi tulipiga muziki nje, uwanjani mwa parokia, upepo wa ziwa ukipanda kilima cha Kadutu. Mpiga klarineti wetu wa pili alikuwa na karatasi tano nilizoziunga kwa skochi na kuzikunja kama akordeoni. Alipofika ya tatu, upepo ukazibeba zote. Akaweka klarineti kwapani, akazikimbilia. Vipimo kumi na viwili, yaani vile visehemu vya muziki vinavyotengwa kwa mistari ya wima, vilipita bila sauti yake. Kosa halikuwa lake; lilikuwa langu mimi mtunza nota.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu. Hauhitaji mashine ya gharama, na hapa Bukavu vifaa vyote unavipata sokoni, kwa watu wa fotokopi na kwenye duka la dawa.

Hatua ya 1: Tafuta kimya kabla ya kuchapa

Wengi huanza na uzi au gundi. Lakini mahali pa kugeuzia ukurasa ni penye kimya, pale mpigaji anaponyamaza, na huamuliwa mapema, wakati nota bado ziko kwenye kompyuta au kwenye penseli. Ukishachapa vibaya, hakuna mshono utakaokuokoa.

Funua daftari lolote utazame. Ukurasa wa 1 uko peke yake upande wa kulia. Wa 2 na wa 3 vinatazamana, wa 4 na wa 5 vivyo hivyo. Kutoka 2 kwenda 3 jicho tu ndilo linalovuka. Mkono unahitajika mwisho wa kurasa za witiri: 1, 3, 5, 7. Basi kila mpigaji umtafutie kimya mwishoni mwa kurasa hizo, au juu kabisa ya ukurasa unaofuata ikiwezekana.

Kimya kiwe kirefu kiasi gani? Kwa muziki wa mapigo manne katika kipimo, gawa 240 kwa namba ya metronomu (mapigo kwa dakika), utapata sekunde za kipimo kimoja. Kwa kasi ya 120, kipimo ni sekunde 2. Kwa kasi ya 60, ni sekunde 4. Mimi sikubali kimya kilicho chini ya sekunde 2, na kwa klarineti, ambayo inataka mikono yote miwili, natafuta 4. Kumbuka mpigaji hageuzi tu: anashusha ala, anageuza, anainua ala, anavuta pumzi, ndipo anaingia.

Kimya kikiangukia katikati ya ukurasa wa 3, kata hapo hapo. Sehemu iliyobaki iache tupu, muziki uendelee ukurasa wa 4. Utaulizwa kwa nini unapoteza karatasi wakati kila fotokopi ni pesa ya kwaya. Jibu kwa upole kwamba nafasi tupu imelipiwa ili sauti isikatike. Mimi sijawahi kurudi nyuma katika hili.

Penye kugeuza haraka, andika chini kulia V.S., ufupisho wa Kiitaliano wa *volti subito*, yaani geuza mara moja. Kwa vijana wetu wapya naandika wazi: GEUZA HARAKA. Kimya kikiwa kirefu naandika MUDA UPO, na hilo huwatuliza kuliko unavyodhani.

Kwenye violini kuna desturi ya wawili kutumia pupitri moja, yaani kile kisimamio cha kuwekea nota: aliye upande wa wasikilizaji anaendelea kupiga, mwenzake anageuza. Ni desturi nzuri pale penye violini kumi na sita. Sisi tuna nne. Mmoja akinyamaza, robo ya sauti imeondoka, kwa hiyo hata violini nazitafutia kimya.

Hatua ya 2: Ukubwa wa mistari

Pima kwa rula kimo cha mistari mitano inayobeba nota, kutoka wa chini hadi wa juu. Watunza nota wa orkestra kubwa, walioungana katika chama cha MOLA tangu 1983, wanapendelea karibu mm 7.5 kwa nota za ala. Mimi sishuki chini ya mm 7. Ukitumia MuseScore, programu ya bure, nafasi kati ya mstari na mstari ikiwa mm 1.75 unapata mm 7 kamili, kwa sababu nafasi ni nne. Usifinye mistari ili kuokoa ukurasa mmoja. Kanisani saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwa umekatika, nota ndogo hazisomeki.

Acha ukingo wa mm 15 pande zote, na weka namba ya kipimo mwanzoni mwa kila mstari.

Hatua ya 3: Panga kurasa kwenye A3

Kijitabu cha kurasa 8 za A4 kinatoka kwenye karatasi mbili za A3. Karatasi ya nje ina 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili. Ya ndani ina 6 na 3, kisha 4 na 5. Njia ya kuhakiki: jumlisha kila jozi, lazima ipatikane 9, yaani idadi ya kurasa ukiongeza moja. Kwa kurasa 12 kila jozi itoe 13. Hesabu hii inakamata kosa kabla hujalipa.

Kurasa zako zikiwa 6 au 7, ongeza tupu hadi 8. Wakati mwingine tupu hiyo naiweka mbele kabisa, kama jalada, muziki uanzie ukurasa wa 2. Kwa njia hiyo kurasa zilizokuwa zikigeuzwa pabaya zinajikuta zinatazamana.

Hatua ya 4: Karatasi

Gramu 80 za kawaida zinaonyesha nota za upande wa pili, na upepo unazichezea. Ukipata gramu 100, chukua. Epuka inayong'aa.

Jambo ambalo wengi hawalijui: karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Ikunje ukifuata nyuzi, mkunjo unalala. Ikunje kinyume chake, inavunjika kwa mikwaruzo na kijitabu kinajifunga chenyewe kwenye pupitri. Chukua A3 moja, ipinde polepole bila kuikunja, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Upande unaopindika bila ubishi ndio wenye nyuzi sambamba na mpindo. Mpindo huo uwe sambamba na uti wa kijitabu. Pima dukani kabla ya kulipa ramu nzima, hasa majira ya mvua, kwa kuwa unyevu huongeza ukaidi wa karatasi.

Hatua ya 5: Kwa watu wa fotokopi

Mwambie kijana wa mashine mambo matatu: rekto-verso (pande zote mbili za karatasi), igeuze kwa upande mfupi, na ukubwa asilimia 100. Mashine ikiachwa ijiamulie, mara nyingi inapunguza ukubwa, na mm 7 zako zinakuwa 6 na kitu. Lipia nakala moja kwanza, ipime kwa rula palepale, ndipo aendelee.

Hatua ya 6: Kunja, toboa, shona

Kunja kila karatasi peke yake, kisha bonyeza mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Zipachike moja ndani ya nyingine, uzigonge mezani upande wa uti zikae sawa.

Kifungue kijitabu katikati. Weka alama tatu za penseli mkunjoni: katikati kabisa, na sm 5 kutoka kila mwisho. Toboa kutoka ndani kwenda nje kwa msharasi mwembamba wa fundi viatu au sindano nene. Tundu liwe dogo. Likizidi uzi, mshono unacheza.

Kata uzi wa sm 65 na uupitishe mara mbili kwenye mshumaa ili usiteleze. Ingiza sindano kutoka ndani kwenye tundu la katikati, ukiacha mkia wa sm 8. Ukiwa nje, panda hadi tundu la juu, ingia ndani. Ndani, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini ukiruka la katikati, toka nje. Panda hadi tundu la katikati, ingia. Sasa mikia miwili iko ndani. Mmoja uwe kulia kwa uzi mrefu, mwingine kushoto. Vuta ukifuata uti, usivute kwenda juu, la sivyo utachana karatasi. Funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu.

Stepla yaweza kutumika ikiwa ina mkono mrefu wa kufika mkunjoni. Spirali sipendi kwa wapigaji: inachukua nafasi, na ukurasa unakwama kwenye pete wakati wa haraka. Kwa kitabu cha mwongozaji, sawa.

Hatua ya 7: Kurasa mbili au tatu tu

Kurasa mbili zisichapwe mgongo kwa mgongo. Zichape kwenye A3 moja zikitazamana, hakuna cha kugeuza.

Kurasa tatu zisizo na kimya naziunga zifunguke zote pamoja. Skochi nimeiacha: inageuka njano, inajikunja, inang'oa wino. Natumia sparadra ya karatasi, ile nyeupe ya kubandikia bandeji, yenye upana wa sm 2.5. Acha pengo la mm 2 kati ya karatasi na karatasi, bandika nyuma, kunja na kufungua mara kumi. Bila pengo hilo, kiungo kitakuwa kigumu na karatasi itasimama. Kurasa tatu zina upana wa sm 63, zaidi ya pupitri nyingi, basi weka nyuma yake boksi gumu la sm 65. Nje, zishike kwa vibanio vya nguo, viwili juu na viwili chini.

Hatua ya 8: Jaribio

Kunja kidogo pembe ya chini ya kila ukurasa wa kugeuza ili kidole kiipate. Kisha mpe mpigaji mwenyewe, kwenye pupitri yake, kwa kasi halisi ya siku ya misa. Simama nyuma yake na penseli. Akichelewa kuingia mahali, weka alama hapo, urudi naye hatua ya 1 mkitafute kimya kingine.