Laini mbili za intaneti kwenye ruta moja ya MikroTik: somo la hatua kwa hatua, pamoja na maswali yenu

Ofisi nyingi hapa Lubumbashi sasa zina laini mbili za intaneti. Moja ni faiba au redio (intaneti ya antena) ya kulipia kwa mwezi. Nyingine ni modemu ya 4G yenye forfe ya mega (kifurushi cha data), ama Starlink, ambayo ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa Kongo, iliiruhusu kufanya kazi nchini mwezi wa 5 mwaka 2025. Lakini ukiingia kuangalia, laini ya pili imelala tu. Inangoja ya kwanza ife, na ikifa, kijana mmoja anapanda juu ya meza kuhamisha kebo kwa mkono huku wateja wakimtazama. Tutazifanya laini zote mbili zibebe watu kwa wakati mmoja, na moja ikikatika nyingine ipokee wote bila mtu kugusa kitu.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo ambalo huwagombanisha wenye ofisi na mafundi. Laini ya Mbps 20 na laini ya Mbps 10 hazikupi faili moja linaloshuka kwa Mbps 30. Ni kama malori yanayoelekea Kasumbalesa kukiwa na barabara mbili: mengine yatapita huku, mengine kule, ila lori moja halikatwi nusu. Ruta hugawa miunganiko, haigawi pakiti (vipande vya data) za muunganiko mmoja. Ingezigawa, pakiti zingetoka na anwani mbili tofauti za IP, na seva ya ng'ambo ingezikataa. Kwa hiyo mtu mmoja anayeshusha filamu hataona tofauti. Watu 30 wanaofanya kazi pamoja wataiona siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: hakikisha laini mbili ni mbili kweli

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko amri zote zinazofuata. Majina mawili tofauti kwenye mkataba hayamaanishi njia mbili. Watoa huduma wawili wanaweza kuwa wamefunga antena kwenye mnara mmoja, au wanakodi faiba ile ile kutoka mjini hadi mpakani. Kutoka kwetu, njia ya nje inaweza kwenda kusini, kupitia Kasumbalesa kuingia Zambia, au kwenda magharibi, kupitia Kinshasa hadi Muanda, pale kebo ya WACS inapoingia baharini. Mwezi wa 8 mwaka 2023, maporomoko ndani ya korongo la Mto Kongo chini ya bahari yalikata WACS na kebo nyingine, SAT-3, kwa pamoja. Siku kama hiyo, mwenye laini mbili zinazoishia WACS zote analipia mara mbili kitu kimoja kilichokufa.

Unganisha kompyuta kwenye laini ya kwanza peke yake, endesha traceroute (amri inayoonyesha pakiti zinapita kwa nani na nani) kwenda 1.1.1.1, piga picha majibu. Rudia kwenye laini ya pili. Zikikutana kwenye anwani zile zile kabla ya kutoka nchini, mwite mtoa huduma wa pili umuulize anapita wapi. Usione haya, wewe ndiye unayelipa.

Na umeme je? SNEL ikikata na modemu moja haiko kwenye betri, umerudi kwenye laini moja. Ruta yenyewe haisumbui: hEX, ruta ndogo ya MikroTik ya aina RB750Gr3, inakubali volti 8 hadi 30, kwa hiyo inakula moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Modemu zenyewe soma nyuma zimeandikwa nini.

Hatua ya 2: panga anwani

Tutatumia mfano huu: ether1 (poti ya kwanza ya ruta) ni laini A (Mbps 20), lango lake, yaani anwani ya modemu, ni 192.168.1.1. Ether2 ni laini B (Mbps 10), lango lake 192.168.8.1. Ndani ya ofisi ni 192.168.88.0/24 kwenye bridge (poti za ofisi zilizounganishwa pamoja ndani ya ruta), kama MikroTik inavyotoka kiwandani. Modemu zako zote mbili zikiwa na 192.168.1.1, badilisha moja kabla ya kuendelea, la sivyo ruta haitajua unamwita nani.

Kiwandani ether2 imewekwa ndani ya bridge. Itoe, iingize kwenye orodha ya WAN (poti za upande wa intaneti) ili fayawoli na NAT ya kiwandani (inayowatoa wote wa ofisi kwa IP moja ya laini) ziishughulikie sawa na ether1. Kisha zima DHCP client (inayoomba anwani yenyewe kwa modemu) ya ether1 na uweke anwani za kudumu:

/interface bridge port remove [find interface=ether2]
/interface list member add list=WAN interface=ether2
/ip dhcp-client disable [find interface=ether1]
/ip address add address=192.168.1.2/24 interface=ether1
/ip address add address=192.168.8.2/24 interface=ether2

Halafu zima FastTrack. Usiposhika lingine lolote, shika hili. FastTrack hupitisha pakiti kwa njia ya mkato bila kusoma alama tutakazoweka, na matokeo yake ni kurasa zinazofunguka nusu na kukwama.

/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]

Hatua ya 3: majedwali na alama

Amri hizi ni za RouterOS 7, toleo la mfumo unaoendesha ruta za MikroTik. Kwenye toleo la 6 hakuna amri ya kutengeneza jedwali (orodha ya njia), ndiyo maana masomo ya zamani ukiyanakili yanagoma.

/routing table add name=njiaA fib
/routing table add name=njiaB fib

/ip firewall mangle
add chain=prerouting in-interface=bridge dst-address=192.168.1.0/24 action=accept
add chain=prerouting in-interface=bridge dst-address=192.168.8.0/24 action=accept
add chain=prerouting in-interface=ether1 connection-mark=no-mark action=mark-connection new-connection-mark=upandeA
add chain=prerouting in-interface=ether2 connection-mark=no-mark action=mark-connection new-connection-mark=upandeB
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=no-mark dst-address-type=!local per-connection-classifier=both-addresses:3/0 action=mark-connection new-connection-mark=upandeA
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=no-mark dst-address-type=!local per-connection-classifier=both-addresses:3/1 action=mark-connection new-connection-mark=upandeA
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=no-mark dst-address-type=!local per-connection-classifier=both-addresses:3/2 action=mark-connection new-connection-mark=upandeB
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=upandeA action=mark-routing new-routing-mark=njiaA
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=upandeB action=mark-routing new-routing-mark=njiaB
add chain=output connection-mark=upandeA action=mark-routing new-routing-mark=njiaA
add chain=output connection-mark=upandeB action=mark-routing new-routing-mark=njiaB

Mistari miwili ya mwanzo inakuruhusu kufungua kurasa za modemu zenyewe. Miwili inayofuata inasema: kilichoingia kwa A kijibiwe kwa A. Kiini ni ile mitatu yenye 3/0, 3/1 na 3/2. Ruta inachukua anwani ya anayetuma na ya anayepokea, inazifanyia hesabu, inagawa kwa 3, na kinachobaki (0, 1 au 2) ndicho kinachochagua upande. A ina nguvu mara mbili ya B, basi A inapewa mabaki mawili. Laini zako zikiwa sawa, tumia 2/0 na 2/1.

Hatua ya 4: njia zenye uchunguzi

Kuipigia ping modemu (kuiuliza kama iko hai) hakutoshi. Modemu iko mezani kwako, itajibu hata kama faiba imechimbuliwa na greda barabarani. Tunapima kitu cha mbali: 8.8.8.8 kupitia A, 1.1.1.1 kupitia B.

/ip route
add dst-address=8.8.8.8/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=1.1.1.1/32 gateway=192.168.8.1 scope=10
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.8.8 routing-table=njiaA target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 routing-table=njiaB target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.8.8 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping

Ruta inapiga ping kila sekunde 10, na ikikosa jibu mara mbili inaiondoa njia. Jedwali la njiaA likibaki tupu, pakiti zinaangukia jedwali kuu na kutokea B. Sasa 8.8.8.8 na 1.1.1.1 zimefungwa kila moja kwenye laini yake, kwa hiyo usiwape watu wa ofisi kama DNS (seva ya kugeuza majina ya tovuti kuwa IP). Weka 9.9.9.9:

/ip dns set servers=9.9.9.9,149.112.112.112 allow-remote-requests=yes

Kupima: usichomoe kebo ya ether1, hiyo ni rahisi mno. Chomoa inayoingia nyuma ya modemu kutoka nje, uiache modemu ikiwaka. Subiri nusu dakika. Kurasa zikifunguka, umemaliza.

Maswali

*Wa Katuba:* Yaya, laini yangu B ni 4G ya forfe. Sitaki mega ziishe tarehe 10.

Basi usigawe kwa nusu, mdogo wangu. Weka mafungu 5, manne kwa A na moja kwa B. Lakini ujue hesabu hii inagawa miunganiko, haipimi uzito wake: muunganiko mmoja wa video ukiangukia B unakula kuliko barua pepe za ofisi nzima. Kwa forfe ndogo, mimi ningeondoa mistari yote ya mgawo na kuacha jedwali kuu tu, B iamke A ikifa.

*Wa Kolwezi:* Tovuti ya benki inanitoa kila baada ya dakika chache, inaniambia kikao kimeisha.

Benki ina seva zaidi ya moja, na kila anwani imekupeleka upande tofauti. Inaona wewe yule yule unaingia na IP mbili. Badilisha both-addresses iwe src-address, ili kila kompyuta ikae upande mmoja kwa kila kitu. Mgawo utakuwa wa kukadiria zaidi, lakini kwa ofisi ya watu wengi unatosha.

*Wa Kampemba:* Mzee, kamera za duka nilikuwa naziona nikiwa nyumbani. Nimehamia laini nyingine, sizioni tena.

Papa, angalia IP unayopewa upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, hiyo siyo anwani ya hadharani. Ni fungu lililotengwa mwaka 2012 na RFC 6598 (waraka wa kanuni za intaneti) kwa watoa huduma wanaowafunga wateja wengi nyuma ya IP moja, na Starlink ya kawaida iko hivyo. Kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia. Kodi seva ndogo ng'ambo, ruta iifikie kwa WireGuard (VPN), ambayo imo ndani ya RouterOS 7, nawe uingie kupitia hapo.

*Wa Ruashi:* Si ningetumia bonding tu, laini zote ziwe moja?

Hapana. Bonding ni ya kebo mbili kati ya vifaa viwili vile vile. Watoa huduma wako hawajuani. Ukitaka muunganiko mmoja utumie laini zote mbili, lazima uwe na seva upande wa pili wa kuunganisha vipande, kwa mfano OpenMPTCProuter.

*Wa Likasi:* Laini A ilikatika, kurasa zikarudi haraka, ila simu ya IP ya ofisi ilibaki kimya.

Muunganiko wake ulikuwa bado umeandikwa kwa IP ya A, na simu inaendelea kuutuma bila kuacha, kwa hiyo haufi wenyewe. Ingia /ip firewall connection, ufute miunganiko ya simu hiyo. Itajiandikisha upya kwa B.

*Wa Lubumbashi, ana kampuni ndogo ya kusambaza intaneti:* Wateja wangu wamekuwa wengi. Hii NAT ya laini mbili inatosha?

Hapo umevuka somo hili, Mama. Unahitaji anwani zako mwenyewe na namba ya AS (namba ya kutambulisha mtandao wako) kutoka AFRINIC, msajili wa anwani za IP Afrika, halafu BGP (lugha ambayo mitandao hutangaziana njia) na watoa huduma wote wawili. Fungu dogo kabisa la IPv4 ambalo wengi watalipokea ni /24. Trafiki inayotoka utaiongoza mwenyewe kwa local preference (alama ya njia unayoipendelea). Inayoingia ni ngumu zaidi, kwa sababu wanaochagua ni wengine: unaweza kurefusha njia yako kwenye AS path (orodha ya mitandao inayopitiwa) upande mmoja ili ionekane mbali, na baadhi watakusikia, baadhi hawatakusikia. Uliza pia kuhusu kujiunga na LUBIX, kituo cha Lubumbashi cha kubadilishana trafiki, ili trafiki ya hapa hapa isizunguke nje ya nchi. Ila kabla ya kufungua kikao cha BGP cha pili, andika vichujio vya kutoa: utangaze fungu lako tu, basi. Bila vichujio, njia unazojifunza kwa mtoa huduma mmoja utamtangazia mwingine, na trafiki yao itaanza kupita kwenye antena yako.