Somo: Kuosha rimu kwa ndani bila kuua balansi

Wiki hii nimeulizwa mara nne, kwa hiyo naandika mara moja tu. Nazungumzia ule upande wa rimu unaotazama shokapu na breki, ambao kijana wa kuosha magari haufikii na sponji. Mfano ni Premio yangu yenye rimu za alumini. Rimu za chuma utaratibu ni huohuo.

1. Paki kivulini, mahali pagumu na tambarare. Subiri rimu ipoe mpaka uweze kuishika kwa kiganja bila kuchomoa mkono.

2. Handibreki, gia P, na jiwe kwenye tairi za upande wa pili.

3. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo uweke jeki. Kisha weka stendi. Jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi tu, usiiamini ukiwa umeinama pale nusu saa. Toa tairi moja, imalize, ndipo uende nyingine.

4. Laza tairi juu ya gunia, uso wa rimu ukitazama chini. Mwagia maji kabla ya kusugua. Ule weusi ni unga wa pedi za breki na chuma cha diski. Usiupulize ukiwa mkavu, usije ukauvuta puani.

5. KABLA HUJASHIKA BRASHI, TAFUTA VIZITO VYA BALANSI, yaani vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu ili tairi izunguke bila kutetemeka. Hapa ndipo nilipoharibu. Baada ya masika, rimu ya mbele kushoto ilikuwa na donge jeusi la tope na lami. Nikalichokonoa kwa bisibisi, likabanduka na vipande vya mstatili vimeshikana kama vidonge kwenye karatasi yake. Nikatupa vyote. Kesho yake nikashika njia ya Morogoro. Kwenye 80 usukani ukaanza kutetemeka, kwenye 100 vidole vikafa ganzi. Nikanunua tairodi endi mbili (viungo vya usukani), tukafunga, mtetemo uko palepale. Siku tairi ilipopandishwa kwenye mashine ya balansi ndipo tukaona: zimepungua gramu 25 upande wa ndani, na doa la gundi bado linaonekana.

Gramu 25 mkononi si kitu. Lakini kwenye kilometa 100 kwa saa tairi ya saizi hii inazunguka mara 14 hivi kwa sekunde, na tofauti hiyo inavuta rimu kwa nguvu ya kama kilo 3 na nusu, kila mzunguko. Kwa hiyo papasa kwa kidole kwanza, jua vizito viko wapi. Hapo usipitishe bisibisi wala brashi ya waya. Petroli na mafuta ya taa yanalegeza gundi, yaache. Na mashine ya presha usiisogeze karibu na kizito.

6. Sugua kwa sabuni ya maji na brashi laini, kwenye kona tumia mswaki. Vidoa vya kahawia vikigoma, pulizia dawa ya kuondoa unga wa chuma, itageuka zambarau. Vaa glovu, subiri dakika 3 hadi 5, suuza kabla haijakauka.

7. Suuza, kausha, paka nta. Safari ijayo uchafu utatoka kwa maji na sabuni tu.

8. Rudisha tairi. Nati anza kwa mkono, fuata mtindo wa nyota, shusha gari, ndipo ukaze. Toyota ndogo nyingi nguvu ya kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 103. Baada ya kilometa 50 hadi 100 zikague tena. Ukitoka, kanyaga breki taratibu mara kadhaa diski zikauke.

MASWALI

Mwenye Noah: Mkuu, si lazima kufungua tairi, au?

Kuosha ndani kote, lazima. Hatua ya 3.

Kijana wa Kazi: Mimi natumia maji ya betri, rimu inang'aa dakika moja. Kwa nini unazungusha watu?

Hiyo ni asidi ya salfa. Inang'aa kwa sababu asidi inakula rangi ya juu ya rimu, na baada ya miezi michache alumini itatoka madoa meupe yasiyofutika. Ikikurukia machoni ni balaa. Rimu ni zako, ila za wateja usiziguse nayo.

Dada Vitz: Kaka, asante kwa somo. Kwangu rimu za mbele ni nyeusi tii, za nyuma karibu safi. Kuna ubovu?

Hapana dada, na umeangalia vizuri. Unapofunga breki uzito wa gari unakimbilia mbele, hivyo pedi za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Tena Vitz nyingi nyuma zina breki za dramu, vumbi linabaki humo ndani. Cha kukagua ni rimu mbili za mbele zenyewe kwa zenyewe. Moja ikiwa nyeusi kuliko mwenzake, au ikawa ya moto sana baada ya safari, pistoni ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) inaweza kuwa inanata. Mwonyeshe fundi.

Dada Vitz: Ya kushoto ndiyo nyeusi zaidi. Naipeleka Jumamosi.

Vizuri. Mwambie atoe pedi zote mbili, aangalie kama zimeisha sawa.

Mwenye Noah: Gari linatetemeka tangu nitoke shamba na tope, vizito vyote vipo.

Angalia tope lililokauka ndani ya rimu, linafanya kazi ileile ya kizito kilichopotea. Lioshe kwanza, usinunue kifaa chochote.

Fundi Mstaafu: Naongezea: rimu ikinata kwenye habu (kitovu inapofungwa rimu), legeza nati mizunguko miwili bila kuzitoa, piga tairi kwa nyundo ya mpira kutoka nyuma. Ikiachia, toa tairi, safisha kutu ya habu kwa brashi ya waya.

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuacha nati sikuiandika, na ilipaswa kuwemo. Grisi kidogo je, tupake?

Fundi Mstaafu: Marahaba. Kwenye uso wa habu, kidogo sana. Kwenye bolti usipake, utakaza kupita kiasi bila kujua.